Je, wajua kwa nini mtarumbeta huchanua mwaka mzima bila kuzaa tunda?

Nyanda za juu za Nakuru na magharibi ya Kenya zina fensi nyingi za mitarumbeta, ile miti laini yenye maua marefu, meupe au ya rangi ya pichi, yanayoning'inia kichwa chini na kunukia giza linapoingia. Maua huja kwa mikupuo, mti mzima ukafunikwa. Matunda hayaonekani. Mnanaha, ndugu yake wa karibu anayejiotea katikati ya mahindi, umesheheni vitunda vya miiba vilivyojaa mbegu. Anayetaka kupata rangi mpya kwa kuchanganya mitarumbeta hukwama hapo hapo, maana hana mbegu ya kuanzia.

Jibu linalosikika sana ni kwamba mti huo ni dume. Limetokana na mapapai, ambako kweli mti dume huning'iniza vishada vya maua bila kuzaa, na mkulima akautambua huukata mapema. Kwa mtarumbeta jibu hilo halisimami ukiwa na wembe. Pasua ua kwa urefu, kuanzia mdomoni hadi kwenye kikonyo. Utaona stameni tano, sehemu za kiume zinazobeba unga wa chavua, zimeshikamana na ukuta wa ndani, na kati yake uzi mmoja mrefu wenye kichwa cha kijani kinachonata. Ufuate uzi huo hadi chini, utakuta ovari, na ukiikata utaona vijiyai vyeupe vimejipanga ndani. Uume na uke vimo pamoja, katika kila ua la kila mti. Hakuna mtarumbeta dume, wala jike.

Jibu la pili ni kwamba mdudu wake alibaki Amerika Kusini. Hili lina mashiko zaidi, kwa sababu mitarumbeta kweli ilitoka huko, kwenye milima ya Andes na kusini-mashariki mwa Brazili, na ule wenye maua mekundu yasiyo na harufu hutegemea ndege wavumao ambao Afrika haina. Lakini maua meupe yanayonukia usiku huvuta nondo wakubwa, na hao tunao. Wakulima wa viazi vitamu wa Kabondo wanamjua kiwavi mnene mwenye pembe mkiani anayekula majani. Akikomaa huwa nondo mwenye ulimi mrefu kuliko mwili wake, anayezunguka maua ya mrija gizani. Tena hata ukimwondoa mdudu, ukachukua chavua ya mti uleule kwa brashi na kuupaka ule uzi kwa mkono wako, ua hilo hunyauka na kuanguka pamoja na kikonyo chake.

Sababu yenyewe ni kwamba mti huikataa chavua yake. Punje ya chavua ikitua kwenye kichwa kinachonata, huota mrija mwembamba unaoshuka ndani ya uzi kuelekea ovari, safari ya karibu shubiri nzima. Njiani hukaguliwa. Kwa desturi ya Kiluhya, kijana akitaja mchumba wazee huziangalia koo zake mbili, ya baba na ya mama. Msichana akiwa wa mojawapo, hakuna ndoa. Uzi wa ua nao una koo mbili, moja kutoka kwa kila mzazi wa mti ule, na punje ya chavua hubeba ukoo mmoja tu. Ukoo huo ukiwa miongoni mwa zile mbili, mrija hufia njiani. Ukiwa mgeni, hupita. Chavua ya mti uleule haiwezi kamwe kuwa ngeni, kwa hiyo hata ikija kwa wingi kiasi gani haifiki.

Kazi ya wazee hapa hufanywa na kimeng'enya. Uzi hutengeneza aina mbili, moja kwa kila ukoo, na zote huingia katika mrija na kuvunjavunja RNA, yale maagizo ambayo mrija hutumia kujitengenezea protini. Chavua ina kinga, lakini kinga hiyo huzima vimeng'enya vya koo nyingine tu. Cha ukoo wake haikiwezi. Utaratibu huu umechunguzwa zaidi kwenye petunia na tumbaku, ambazo ni za jamii moja na mtarumbeta. Kwa mtarumbeta wenyewe ushahidi mkubwa ni wa bustanini. Tena mwiko haushiki kila mahali: aina iitwayo Brugmansia arborea hujizalisha yenyewe bila shida.

Sasa tazama fensi zetu zilivyopatikana. Mtu alivunja kijiti kwa jirani, akakichomeka ardhini msimu wa mvua, nacho kikashika. Jirani naye alikipata kwa shemeji. Kijiti hakibadilishi ukoo, kwa hiyo boma kumi zinaweza kuwa na mti mmoja uliogawanywa vipande, na nondo akiruka kutoka fensi hii hadi ile bado anapeleka chavua nyumbani. Anayetaka mbegu atafute mtarumbeta uliotoka mbali, wenye rangi au umbo tofauti. Hata hivyo kuna mpaka: spishi saba zilizopo zimegawanyika katika kundi la joto na kundi la baridi, na makundi hayo mawili hayazaliani.

Kuchavusha kwenyewe ni kazi nyepesi. Alasiri, chagua tumba litakalofunguka jioni hiyo, lipasue, toa stameni zote kabla hazijamwaga unga, paka chavua ya baba, funga ua kwa kamba nyembamba, andika majina ya wazazi. Tunda laini lisilo na miiba litachukua miezi kadhaa kukomaa.

Miche ndiyo hudai subira, na hapa ndipo watu wengi hupoteza mti mzuri. Mche hupanda juu kama fimbo moja bila ua lolote mpaka shina ligawanyike panda. Kabla ya panda hiyo hauna uwezo wa kuchanua, hata ukiupa mbolea. Dalili iko kwenye majani: ya juu ya panda huwa na kitako kisicho sawa, upande mmoja ukianza chini kuliko mwingine. Ukiona hivyo, tumba haliko mbali.

Ua la kwanza lisihukumiwe. Mizizi bado ni michanga, ua linaweza kutoka dogo, limekunjamana, na rangi isiyokolea. Aina nyingi hufunguka zikiwa nyeupe au za manjano hafifu, kisha zikaiva kuwa pichi au waridi siku zinazofuata, kwa hiyo anayeangalia jioni ya kwanza pekee hajaona rangi. Joto nalo huifubaza: mche uleule ulio hafifu Kisumu, mita 1,100 hivi, unaweza kukolea Molo kwenye mita 2,500. Mimi ningesubiri mikupuo kadhaa ndipo niuweke kando ya wazazi wake na kuuliza: maua ni mengi kwa pamoja? Petali ni nene? Ua linakaa siku ngapi? Harufu ipo? Utitiri unayala majani kuliko ya jirani? Mche unaofanana na mama yake hauhitaji jina jipya, hata kama umeulea mwenyewe kwa upendo, na mingi itafanana naye.

Miche inayokataliwa isitupwe ovyo. Mti wote una sumu, skopolamini na atropini, hasa mbegu, na utomvu ukiingia jichoni hupanua mboni kwa muda mrefu. Vaa glavu, nawa mikono, weka watoto na mifugo mbali. Jambo la ajabu ni kwamba spishi zote saba zimeorodheshwa kuwa zimetoweka porini kwao, ilhali Afrika Mashariki mtarumbeta mweupe umeshatoroka bustani na kuota kando ya vijito, kwa kuwa kipande kikibebwa na maji hushika kinapotua. Matawi na miche ya kutupa yakaushwe juani, juu ya sakafu au bati, mpaka yakatike kwa mkono kabla ya kuchomwa.