Shambhu Hakuharibiwa na Mji

Juma lililopita niliwaonyesha watazamaji filamu ya Kihindi ya Do Bigha Zamin, inayomhusu mkulima Shambhu anayekwenda mjini kutafuta fedha za kuokoa shamba lake, na taa zilipowashwa tu mkono wa kwanza ukainuka na kauli ikawa ileile ninayoisikia kila mwaka: mji umewaharibu watu hawa, wangebaki kijijini yasingewapata. Ninafundisha uhakiki wa filamu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiijibu kauli hiyo kwa haraka, watu wakiwa wameshasimama kuondoka. Safari hii ninaijibu kwa maandishi.

Tuanze na deni. Katika filamu hii, aliyoiongoza Bimal Roy mwaka 1953, Shambhu, anayeigizwa na Balraj Sahni, ana bigha mbili za ardhi, eneo ambalo kwa kipimo cha Bengal halifiki hata ekari moja. Kipande hicho kimekaa katikati ya ardhi ya kabaila, na kabaila ameshapatana na wafanyabiashara wa mjini wajenge kiwanda hapo. Shambhu anakataa kuuza. Kwa hesabu yake anadaiwa rupia 65, kwa hiyo anauza vyombo vya nyumbani na hata vipuli vya mkewe, kisha anakwenda kulipa na kukuta deni limeandikwa rupia 235, kwa sababu hati zimeghushiwa. Mahakama inasimama na hati na kumpa miezi mitatu ya kulipa, la sivyo ardhi ipigwe mnada. Yote hayo yanatokea kabla hajapanda treni ya kwenda mji wa Calcutta kutafuta fedha hizo. Anayesema kwamba Shambhu angebaki kijijini aniambie angebaki juu ya ardhi gani.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke akidhani kwamba jibu ni kuigeuza lawama na kuitupia kijiji, kwa maana hilo nalo ni kosa, na ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu husemwa na watu waliosoma. Roy hakuuweka mji upande mmoja na kijiji upande wa pili. Fedha za kiwanda zimetoka mjini, sahihi ya kuziruhusu ni ya kabaila, na zote mbili zimekutana shambani kwa Shambhu wakati yeye bado hajawahi kulala hata usiku mmoja kando ya barabara. Mji ndio uliomfuata kwanza. Kwa hiyo anapoingia Calcutta haingii katika dunia nyingine, bali anaingia upande wa pili wa mkataba uleule, na ukiitazama filamu kwa jicho hilo utaona kwamba kila rupia anayoipata ina tarehe ya mwisho iliyopangwa kijijini.

Itazameni tena sehemu ya mbio za riksho, kile kigari cha abiria ambacho Shambhu anakivuta kwa miguu yake ili apate fedha mjini. Abiria anamfukuzia mwenzake aliye katika riksho nyingine, na kila anapotaka mwendo uongezeke anaongeza malipo. Shambhu anazidi kukimbia, mpaka gurudumu linachomoka na yeye anaumia. Wengi huona hapo ukatili wa mjini. Mimi naona mtu anayepiga hesabu kwa miguu, kwa sababu bila ile miezi mitatu asingekuwa na haja ya kuikubali nyongeza hata moja. Sahni alijifunza kuivuta riksho katika barabara za Calcutta zenyewe, na pumzi anazohema zinamsaidia mwongozaji kuliko mazungumzo ya kurasa kumi.

Uhalisia huu una ufa, nami sitauficha. Mkewe Shambhu anapogongwa na gari baada ya kumfuata mumewe mjini, mpita njia anatafuta riksho ya kumbebea majeruhi, na riksho inayosimama, katika mji mkubwa namna ile, ni ya Shambhu. Nimejaribu mara nyingi kuitetea sadfa hiyo na sijafanikiwa. Jambo pekee ninaloweza kusema ni kwamba akiba yote inaishia kwenye matibabu, na hilo halihitaji sadfa yoyote kuaminika.

Wapinzani wangu wana hoja yenye nguvu zaidi katika filamu ya Kiitalia, Rocco e i suoi fratelli (Rocco na ndugu zake), ambayo Luchino Visconti aliitoa mwaka 1960, kuhusu mama kutoka Lucania, kusini mwa Italia, anayehamia Milano na wanawe wanne, kumfuata wa tano aliyetangulia. Simone, mmoja wa ndugu hao, anaingia katika ndondi, anaporomoka, na hatimaye anamwua Nadia, mwanamke aliyependwa naye na pia na nduguye Rocco. Hapo huambiwa: si unaona? Ninaona, lakini ninamsikiliza pia ndugu yao Ciro akizungumza na mdogo wake Luca nje ya kiwanda cha magari cha Alfa Romeo, akimweleza kwamba hata wema wa Rocco, wa kusamehe kila kitu, umeleta madhara. Wema huo hawakuukuta Milano. Sheria nazo zilikuwa na sehemu yake. Tangu mwaka 1939 Italia ilikuwa na sheria iliyomzuia mtu kuhamishia makazi yake katika mji wenye watu zaidi ya 25,000 bila kuthibitisha kwamba ana kazi, na kazi yenyewe ilikuwa vigumu kuipata kihalali bila makazi. Ilifutwa mwaka 1961. Ndani ya filamu familia inapanga nyumba ikikusudia kutolipa kodi, ili ifukuzwe na kisha ipewe makao na manispaa. Watu wanaosoma taratibu za mji kwa ukali namna hiyo hawawezi kuitwa washamba waliopotea. Kuhusu Simone mwenyewe, nakiri kwamba sijaridhika na maelezo yangu, kwa kuwa wadogo zake walipitia baridi ileile na hawakuua.

Turudi kwa Shambhu. Mwishoni yeye, mkewe na mwanawe wanafika penye shamba lao na kukuta limekwisha kuuzwa na kiwanda kinajengwa. Anainama, anachota udongo kidogo kiganjani, na mlinzi anamlazimisha auachie. Hapo ni kijijini, si Calcutta. Katika miaka yote ya kuionyesha filamu hii, sijawahi kumsikia mtazamaji mmoja akiuliza mlinzi yule analipwa na nani.