Je, Wajua Kwa Nini Vichwa vya Treni za Mfano Hupishana Bei Hivyo?

Chukua vichwa viwili vya treni za mfano vya kipimo cha HO, yaani vidogo mara 87 kuliko treni halisi. Vyote hupita kwenye reli zilizoachana milimita 16.5, vina rangi ileile na urefu uleule. Lakini kimoja kinaweza kuuzwa mara tatu au nne ya mwenzake.

Sababu kubwa imo tumboni. Kichwa cha bei rahisi mara nyingi kina mota ndogo inayozungusha magurudumu ya upande mmoja tu, wa mbele au wa nyuma, huku ya upande wa pili yakikokotwa. Ili kisiteleze, gurudumu moja au mawili huvishwa mpira. Mpira huo huongeza nguvu ya kuvuta mabehewa, ila haupitishi umeme, na treni hizi huchota umeme kwenye reli kwa magurudumu yenyewe. Kichwa kinachochota kwa magurudumu machache hukwama penye vumbi, na hukwama zaidi pale reli zinapogawanyika, kwa kuwa hapo mara nyingi huwa na vipande vya plastiki visivyo na umeme.

Kilicho bora huchota kwa magurudumu yote, au karibu yote. Mota hukaa katikati na kuendesha pande zote mbili, na kwenye mhimili wake hufungwa gurudumu zito la chuma ambalo likishazunguka haliachi ghafla. Umeme ukikatika kwa kitambo kidogo sana, treni inapita bila kushtuka.

Bei nyingine inaenda kwenye sura. Vishikio na mabomba yaliyobandikwa kimoja kimoja kwa mkono hugharimu kuliko yaliyoumbwa pamoja na bodi. Kalibu nazo ni ghali kutengeneza, hivyo kiwanda kinachotumia kalibu ya zamani, iliyokwisha kurudisha fedha zake, kinaweza kushusha bei. Vichwa vya mvuke, vyenye vyuma vinavyocheza nje ya magurudumu, kwa kawaida hupita vya dizeli kwa bei. Na kikiwekewa kifaa cha kutoa sauti za treni, ndiyo usiseme!

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo apunguze wapi? Kwenye mapambo na sauti, kwa maoni yangu, asipunguze kwenye magurudumu. Kichwa cha dizeli cha sura ya kawaida, kinachoendeshwa pande zote mbili na chenye soketi ya kuwekea dekoda baadaye (kifaa kidogo cha kupokea amri za kidijitali), kinamtosha kabisa. Kuhamia kipimo cha N, kidogo mara 160, hakupunguzi sana bei ya kichwa. Kinachookolewa ni nafasi mezani.

Vilivyotumika vina nafuu kubwa, ila vina mitego. Vichwa vya HO vya Märklin, kampuni ya Kijerumani, kwa kawaida hutumia mfumo wa peke yake: umeme hupokelewa na kiatu kilicho chini ya tumbo, kutoka katikati ya njia. Ukikiweka kwenye reli za kawaida zenye umeme, kinaleta shoti. Mpira uliochakaa usikutishe, kwani hubadilishwa kwa gharama ndogo. Chasisi ya aloi ya zinki ndiyo ya kukagua kwa tochi. Zinki iliyochanganyika na madini ya risasi tangu kiwandani huvimba na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda, na chasisi ikishaanza kumeguka, kichwa hicho kinafaa kununuliwa kwa ajili ya vipuri tu.