Je, Wajua Kwa Nini Kivinjari cha Maktaba Hunyimwa Baadhi ya Uwezo Wake?

Anayeketi mbele ya kompyuta ya maktaba ya umma hutambua upesi kwamba kivinjari alichokizoea, yaani programu ya kufungulia tovuti, kimepunguzwa: mipangilio haifunguki, viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo, haviwekeki, hakuna anayeulizwa kama nenosiri lake lihifadhiwe, na pengine hata kitufe cha F12 hakifanyi lolote. Wengi huona hapo dalili ya kutoaminiwa. Kwa sehemu kubwa, hata hivyo, vizuizi hivyo huwekwa kwa ajili ya msomaji mwenyewe, kwani kivinjari kiliundwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwenye kompyuta yake, na karibu kila kinachokifanya kipendeze nyumbani hutokana na uwezo wake wa kukumbuka. Pale ambapo watu wengi hupokezana kiti kimoja kwa siku, kumbukumbu hiyo hiyo humfunulia anayefuata mambo ya aliyetangulia.

Chukua vidakuzi (cookies), yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya kivinjari. Unapoingia kwenye barua pepe yako, tovuti huacha ndani ya kivinjari kidakuzi chenye msimbo wa siri, na kila unapofungua ukurasa wa tovuti hiyo baadaye, kivinjari huipelekea msimbo huo ili usiulizwe nenosiri tena. Kufunga kichupo peke yake hakukifuti. Atakayekaa baada yako anaweza kubonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja, kichupo kikarudi, naye akajikuta ndani ya akaunti yako. Zana za wasanidi programu, ambazo ndizo hufunguliwa kwa kitufe cha F12, nazo zina hatari yake, kwa kuwa nenosiri lililojazwa na kivinjari na kufichwa kwa nukta huonekana wazi mara tu aina ya kisanduku inapobadilishwa kutoka nenosiri kuwa maandishi ya kawaida.

Vizuizi vingine huilinda mashine. Anwani inayoanza na file:/// huonyesha mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta, na dirisha dogo la kuhifadhi faili laweza kuwa mlango wa kufikia sehemu ambazo msomaji hakukusudiwa kuzifikia.

Msimamizi wa mfumo hahitaji kukibomoa kivinjari ili kuyazuia haya. Chrome na Firefox husoma kanuni ziitwazo sera, ambazo huwekwa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kupabadilisha. Firefox, tangu toleo la 60 la mwaka 2018, huweza kuzisoma katika faili moja liitwalo policies.json. Sera moja huzima uhifadhi wa manenosiri, nyingine hufuta historia na vidakuzi kivinjari kinapofungwa, nyingine huzuia anwani fulani. Ya kuvutia zaidi ni ile ya Chrome inayohusu hali fiche (incognito), ambayo haihifadhi historia wala vidakuzi baada ya kufungwa, kwa kuwa ina njia tatu: kuiruhusu, kuizuia, au kuilazimisha, yaani kila dirisha lifunguke katika hali hiyo. Hata hivyo, hali fiche husahau pale tu madirisha yake yote yanapofungwa, na ndiyo maana maktaba nyingi hutumia pia programu inayomaliza kipindi cha mtumiaji na kuirudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo.

Haya yasichanganywe na uchujaji wa maudhui, ambao ni suala jingine. Nchini Marekani, sheria ya kuwalinda watoto kwenye intaneti iitwayo CIPA, ya mwaka 2000, huzitaka maktaba zinazopokea misaada fulani ya serikali kuu kwa ajili ya intaneti ziweke vichujio, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali mwaka 2003.

Naamini kwamba kizuizi ni halali pale tu kinapoweza kuelezwa kinamlinda nani. Kumnyima msomaji uwezo wa kufuta historia yake mwenyewe, au wa kukuza maandishi ilhali macho yake ni dhaifu, hakumlindi yeyote.

Sera za kivinjari pia zina mpaka. Haziwezi kukigundua kifaa kilichochomekwa kati ya kibodi na kompyuta ili kunasa kila herufi inayoandikwa. Vilevile, kufuta vidakuzi huondoa msimbo kwenye kompyuta tu, wakati kutoka rasmi kwenye akaunti kwa kawaida huiambia seva ya tovuti iubatilishe msimbo huo, ili hata aliyeunakili asiweze kuutumia.