Trela si muhtasari: dhana potofu zinazowaponza wanafunzi wa filamu Mwanza

Vijana wengi wanaosoma habari na mawasiliano hapa Mwanza hukutana na kazi inayofanana: chagua trela mbili tatu, yaani matangazo mafupi ya filamu, zichambue, kisha panga filamu fupi ya kwako mwenyewe, pamoja na trela yake. Nimewasaidia wachache kwa miaka kadhaa sasa, mara nyingi tukiwa tumekaa juu ya mawe ya Capri Point na simu moja ikipita mkono kwa mkono. Makosa yao nayafahamu vizuri kwa sababu mengi niliyatangulia mimi.

"Trela ni filamu iliyofupishwa"

Tuanze na jina. Trela tunalolijua wengi wetu ni lile linalovutwa na lori, limejaa saruji, likipanda kutoka Shinyanga kuja huku. Kumbe neno ni hilohilo. Matangazo ya mwanzo ya filamu kule Marekani yalioneshwa filamu ikishakwisha, yakiifuata nyuma kama trela linavyofuata kichwa cha lori. Mwaka 1913 Nils Granlund, mtu wa matangazo wa kumbi za Marcus Loew mjini New York, aliunganisha picha za mazoezi ya mchezo wa jukwaani uliokuwa unakuja, akazionesha kwenye kumbi hizo. Wengi huanzia kuhesabu hapo. Shida ilikuwa moja tu: filamu ikiisha, watu wanainuka na kuondoka. Trela zikahamishiwa mbele, jina likabaki kulekule nyuma.

Muhtasari hukueleza kilichotokea. Trela hukupa swali, halafu inafunga mlango. Ndiyo maana trela inaweza kufanya kazi yake bila kuitegemea filamu yenyewe. Trela ya Citizen Kane, filamu ya 1941, haina hata sekunde moja iliyotoka ndani ya filamu. Orson Welles, aliyeiongoza, anasikika sauti tu akitutambulisha kwa waigizaji wake. Naye Alfred Hitchcock, mwaka 1960, alitumia zaidi ya dakika sita kututembeza kwenye majengo ya filamu yake, Psycho, kama dalali anayeonesha nyumba ya kupanga, akigusa mlango huu, akisita kwenye ule, akikataa kumaliza sentensi.

Kwa hiyo kabla hujaandika lolote kuhusu trela uliyochagua, andika swali lake kwa sentensi moja. Ukishindwa, iangalie tena ukiwa umezima sauti.

"Aliyeongoza filamu ndiye aliyekata trela"

Mara chache sana, hasa kwa filamu kubwa. Tangu 1919 Marekani ilikuwa na kampuni, National Screen Service, iliyotengeneza trela kwa niaba ya studio nyingi, na hadi leo kazi hiyo hupewa wahariri wa nje, wakati mwingine filamu ikiwa haijamaliza kuhaririwa. Ndiyo sababu unaona kipande kwenye trela, unaingia ukumbini, hukioni. Usiandike basi kwamba "mwongozaji alitaka kutuambia…" kana kwamba ulikuwa naye. Andika kwamba trela inatuambia.

"Kuchambua ni kusimulia kilichoonekana"

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Karatasi huanza hivi: "Linaonekana ziwa, kisha msichana anakimbia, kisha unasikika mlio wa risasi." Sawa, lakini mwalimu naye ana macho. Anachotaka kujua ni kwa nini msichana aliwekwa baada ya ziwa na si kabla yake.

Dawa inachosha, ila sijaona nyingine: hesabu. Chora jedwali la safu tano: sekunde, kinachoonekana, kamera ilipokaa, kinachosikika, maandishi. Simamisha kila shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, inapobadilika. Trela ya dakika mbili inaweza kukumalizia mchana mzima. (Dakika mbili zenyewe si bahati nasibu, mwaka 2014 chama cha wenye kumbi za sinema Marekani kilitoa mwongozo wa hiari kwamba trela isizidi hapo, wakati studio zilikuwa zimezoea dakika mbili na nusu.) Ukikuta sekunde 30 za kwanza zina shoti sita na 30 za mwisho zina shoti arobaini, tayari una jambo la kusema kuhusu mapigo ya moyo ya mtazamaji, na una ushahidi mkononi.

Kisha isikilize umefumba macho. Utagundua mahali muziki unapokatika ghafla, sekunde moja ya ukimya, kabla jina la filamu halijatokea. Kwa miaka mingi trela za Marekani zilibebwa na sauti nzito ya msimulizi. Don LaFontaine, aliyefariki 2008, alisoma maelfu. Siku hizi msimulizi amepungua, muziki na maandishi vimeshika zamu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuoneshea video mtaani, tunaielewa nguvu hiyo bila kufundishwa: spika iliyoelekezwa barabarani na sauti ya dijei anayetafsiri ilitosha kukutoa hela ya vitumbua mfukoni, hata kama hujui nani anampiga nani.

Majina ya wananadharia yanasaidia yakifanya kazi. Tzvetan Todorov aliieleza hadithi kama utulivu unaovurugika, watu wakahangaika kuurekebisha, ukapatikana utulivu mpya. Ukiipima trela kwa kipimo hicho utaona kitu kizuri: hukupa utulivu kidogo, mvurugo mwingi, mahangaiko ya kutosha, na utulivu mpya inakunyima. Huo ndio unaouzwa mlangoni. Na Lev Kuleshov, Mrusi, anakumbukwa kwa jaribio la kuuweka uso uleule wa mwigizaji mara karibu na bakuli la supu, mara karibu na jeneza; watazamaji wakaona njaa, kisha majonzi, na uso haukuwa umebadilika. Maana ilizaliwa kwenye mshono.

Sisi wa Mwanza tuna mfano wetu, na bado unauma. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi kuhusu sangara, viwanda na ndege za mizigo hapa kwetu. Iliteuliwa kuwania Oscar, na ilileta ubishi mkubwa nchini. Hata Rais Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006. Sina nia ya kuamua kesi hiyo hapa. Lakini ukiiweka ndege karibu na mfupa wa samaki, umesema jambo ambalo ndege peke yake haisemi na mfupa peke yake hausemi. Mwanafunzi akiweza kulionesha hilo shoti kwa shoti, hana haja ya kunukuu sana.

"Filamu asilia ni ile ambayo haijawahi kufikiriwa na mtu"

Kundi moja la vijana watano lilikuja na hadithi ya muuaji wa kukodiwa, suti nyeusi, jumba la kifahari. Nikawauliza, "Nani kati yenu ana suti?" Alikuwa nayo mmoja, na ilikuwa ya kaka yake. Jumba hawakuwa nalo. Tukakaa kimya. Ndipo binti mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, akasema kwamba bibi yake huwa anasimulia habari ya mtumbwi uliokutwa unaelea alfajiri, hauna mtu, na karabai bado inawaka.

Hiyo ndiyo ikawa filamu yao. Mtumbwi kurudi bila mtu si jambo geni katika hadithi za majini. Kilichokuwa cha kwao ni karabai ile, bibi yule, na dada wa mvuvi anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba ambaye hataki kuamini. Swali la trela lilikuja lenyewe: nani aliijaza taa mafuta?

Baada ya hapo mpango ulienda kwa hatua za kawaida, nitazipitia upesi. Sentensi moja ya kisa. Ukurasa mmoja wa maelezo. Skripti, kwa kadirio linalokubalika kwamba ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo dakika tano ni kurasa tano, si kumi na mbili. Storibodi, yaani michoro ya shoti zako kwa mpangilio; ya vijiti na duara inatosha kabisa. Halafu orodha ya shoti, na pembeni ya kila shoti: nani, wapi, saa ngapi, nauli kiasi gani.

"Bila kamera ya maana usijisumbue"

Simu inatosha, ila mipangilio iliyotoka nayo dukani mara nyingi haitoshi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, na ukiwa ndani chini ya taa unaweza kupata mawimbi yanayopanda na kushuka ukutani. Weka picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Mawimbi yatatulia.

Kinachoangusha kazi zaidi ni sauti. Weka simu ya pili mfukoni mwa mwigizaji, iwe inarekodi, na piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Kofi hilo ndilo litakalokusaidia kuzilinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri.

"Sekunde kumi za wimbo hazina shida, na mwanafunzi haombi kibali"

Hakuna idadi ya sekunde inayoufanya wimbo wa mtu kuwa wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 haina mlango huo. Mtafute rafiki anayepiga zeze au ngoma, mrekodi, aandike na kusaini kwamba amekuruhusu. Kuhusu kurekodi filamu, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali, na mahali pa kuanza kuuliza ni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, ukiwa na barua ya chuo. Droni ina wenyewe, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bandarini na kwenye feri usitoe hata simu kabla ya kuongea na wahusika.

"Mwanza ni pazuri, kwa hiyo filamu itakuwa nzuri"

Jiwe la Bismarck limepigwa picha hadi limechoka. Kila kundi linataka kuanza na jiwe, kisha jua linazama, kisha daraja la Kigongo–Busisi kutoka angani. Hizo ni picha za kalenda. Mahali pawe na kazi. Ngazi za mawe za Mabatini, mtu akipanda na ndoo kichwani, pumzi zikimtoka, zinaeleza maisha yake kabla hajafungua mdomo.

Na mahali pana ratiba yake. Hapa jua la utosini haliji saa sita kamili. Linakuja kati ya saa sita na nusu na saa saba, na wakati huo uso wa mwigizaji unakuwa na mashimo meusi machoni. Jioni jua linazama karibu saa moja, mwaka mzima, na giza haliombi ruhusa: ile nuru ya dhahabu unaipata kwa dakika chache tu. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu na kuingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo maongezi ya ufukweni yafanyike asubuhi, ziwa likiwa shwari.

Lakini ratiba iliyoniumbua mimi ilikuwa ya mwezi. Kwa filamu ya karabai tulihitaji shoti moja ya usiku: taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji wa pili. Nikapanga tarehe kwa kuangalia siku ambazo vijana hawana mtihani. Tukafika Luchelele na betri zimejaa, tumevaa makoti. Ziwa jeupe, tulivu, halina hata taa moja. Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta nini na mwezi huu?"

Dagaa huvuliwa gizani, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Jambo hilo analijua kila mtoto wa mwaloni. Mimi nilikuwa nimepanga usiku wa mbalamwezi, tena kwa maandishi, na nikawagawia vijana nakala.

Mzee akatupa jingine la bure: karabai zenyewe siku hizi utazitafuta, wengi wamehamia taa za sola, na mwanga wake ni wa bluu. Tukarudisha kisa chetu nyuma, miaka ya tisini, tukaazima karabai moja na laifu jaketi sita, tukaongeza safu mpya kwenye ratiba, "mwezi", tukasubiri. Siku ya kumi na mbili tulirudi. Taa zote zilikuwepo, tukaziacha mbali bila kuzilenga sawasawa ili zibaki vidoa tu vya mwanga, karabai yetu ikawekwa mbele, karibu na kamera. Tulirekodi dakika kumi na moja. Kwenye trela zilitumika sekunde nne.