Kambi ya kwanza ya skauti haikuwa ya kijeshi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila likizo: eti kambi ya kwanza ya skauti iliandaa watoto kwa vita. Si kweli, na tafadhali usiusambaze. Kuna wazazi wanaozuia watoto kujiunga na skauti kwa sababu yake.

Kambi hiyo ilifanyika Agosti 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wavulana wapatao 20, wa shule za kitajiri na watoto wa wafanyakazi, walichanganywa katika vikundi vinne: Mbwamwitu, Kunguru, Fahali na Sululu (ndege), kila kimoja na uzi wa rangi yake begani. Waliamshwa kwa pembe ya tandala. Walijifunza kupika, kufuata nyayo, kutazama wanyama na kuokoa maisha. Uzalendo nao ulikuwemo, lakini haukuwa mafunzo ya vita.

Mkanganyiko unaeleweka. Mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri, Kenya, alikuwa jenerali, na sare za kaki hufanana na za askari. Anayetaka kuhakikisha asome mwongozo wa skauti wa 1908: umejaa kambi, nyayo na huduma ya kwanza.