Delamere hakukuta ardhi tupu Njoro

Bado utasikia ikisemwa kwamba Lord Delamere, mlowezi Mwingereza aliyekuja kuwa mwanasiasa, alifika Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, akakuta pori lisilo na mwenyewe, akaligeuza kuwa shamba. Si kweli.

Mwaka 1903 alikodishiwa ekari 100,000 kwa miaka 99. Nyanda zile zilionekana tupu kwa sababu miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Wamaasai, na ndui ikawaua watu wenyewe. Mfugaji aliyepungukiwa mifugo hajahama kwake. Tena Wamaasai walijua kwamba majani ya Njoro hayafai ng'ombe wakikaa muda mrefu, kwa hiyo kutowaona pale hakukuwa ushahidi wa kitu chochote.

Delamere aliliona hilo kwa macho yake. Kondoo aliowaagiza kutoka ng'ambo walikonda na kufa wakiwa wamesimama kwenye majani mabichi. Udongo ule ulikosa madini. Alipogeukia ngano, ikaliwa na ugonjwa wa kutu, hata akalazimika kuajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu inayostahimili.

Tuwe wakweli: alikuwa mchapakazi, na majaribio yake yalisaidia kilimo cha ngano. Lakini mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi, na kuanzia 1907 Delamere aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria akiwatetea walowezi hao. Ardhi tupu haihitaji mkataba wa kuwahamisha watu.