"Mbwa Akishakua Hana Kazi": Nani Aliwaambia?

Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, na leo naijibu kwa maandishi ili niwe namtumia kila anayeniletea: "Daktari, mbwa anasumbua akiwa mdogo tu. Akishakua hana kazi." Wanaoisema si watu wabaya. Wengi wanataka kumchukua mbwa aliyeokotwa, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Lakini imani hiyo ndiyo inayoijaza mitaa ya Dar es Salaam mbwa waliowahi kuitwa kwa majina.

Utoto tuupite haraka. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa, akitimiza miezi 3. Dawa ya minyoo kila wiki 2 mwanzoni. Meno 28 ya utoto yanadondoka, yanaota 42 ya ukubwani, na viatu vinaliwa. Inachosha, ila ina mwisho, na nyumba nzima bado ina hamu naye.

Sasa hesabu. Mbwa wa kienyeji akitunzwa anaweza kufika miaka 12 au 13, wengine wanapita hapo. Mtoto uliyemletea akiwa darasa la pili atamaliza kidato cha nne, atakwenda zake, na mbwa bado yupo mlangoni anasubiri chakula. Ndiyo maana nakereka nikiambiwa "huyu ni wa watoto". Mbwa ni wa mtu mzima anayelipa, anayeamka usiku, na atakayekuwepo miaka hiyo yote.

Na miaka ya katikati ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu hakuna anayempiga picha tena. Chukua kupe. Joto la Pwani halimpi kupe wa mbwa likizo. Anazaliana mwaka mzima, na jike mmoja hutaga mayai maelfu kwenye nyufa za ukuta na za banda. Ukimpaka mbwa dawa mara moja ukaliacha banda, umefanya nusu ya kazi. Halafu inakuja homa ya kupe. Ile inayoletwa na bakteria aitwaye erlikia inaweza kujificha mwilini miezi, hata miaka, huku mbwa anakula na kubweka kama kawaida. Siku analetwa anatoka damu puani, mwenyewe anaapa kwamba kuna jirani kampiga. Hakupigwa. Chembe zinazogandisha damu zimeshuka. Dawa ni doksisaiklini kwa takriban wiki 4, na wengi wanaiacha baada ya wiki moja kwa kuwa "ameanza kula". Jamani, malizeni dozi!

Chanjo ya kichaa nayo si ya mara moja maishani. Ninayotumia inarudiwa kila mwaka, na kwa nini nang'ang'ania, tazameni Pemba: kichaa cha mbwa kiliisha kisiwani mwaka 2014, mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, kampeni ikabidi ianze upya. Watoto wa mbwa wanazaliwa kila siku, waliochanjwa wanakufa, kinga inapungua. Ndiyo maana wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa wakati wote.

Jike asiyefungwa kizazi anaweza kujaa usaha tumboni akiwa mtu mzima kabisa, na huo ni upasuaji wa dharura. Hapa nina wasiwasi wangu. Kwa mbwa wa maumbo makubwa, siku hizi tunashauriwa kusubiri hata zaidi ya mwaka kabla ya kuwafunga kizazi ili viungo vikomae. Lakini kwenye nyumba isiyo na geti, kusubiri ni mimba, na siku 63 baadaye una watoto saba wasio na pa kwenda. Mimi huwafunga mapema majike wanaozurura, na bado kila mara najiuliza kama nimewatendea haki.

Kuna "tukihama nitampeleka shamba". Hili linaniumiza. Mbwa aliyelelewa ndani ya ukuta kwa ubwabwa na dagaa hajui kujitafutia. Kule shamba kuna mbwa wenye eneo lao, kuna mitego, kuna sumu iliyotegewa fisi. Kama umepanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kumleta mbwa. Kama mnachangia ua na jirani Waislamu, zungumzeni, maana mate ya mbwa kwenye nguo za swala ni jambo zito kwao na wana haki ya kuheshimiwa.

Kisha uzee. Figo, mtoto wa jicho, nyonga zinazokataa kuinuka asubuhi, mkojo sebuleni. Atakapofika hapo mtaniuliza lini tumpumzishe kwa sindano. Zipo fomu za kujaza: anakula? anatembea? ana maumivu? Nazitumia, lakini nimeona mbwa aliyefeli fomu nzima akitikisa mkia kwa sauti ya mama mwenye nyumba, na sijapata jibu la hilo linaloniridhisha.

Unaona miaka 13 ni mingi? Basi usichukue kitoto. Chukua mbwa wa miaka 7 au 8. Tabia yake inajulikana, hatafuni viatu, na hao ndio wanaokosa watu. Na ukija kumchagua, njoo na yule atakayebaki naye ukisafiri. Nitataka kuzungumza naye pia.